Mvi za Mwani

Kompyuta ilimwuliza Zuleha kama alikuwa na maana ya miwani.

"Sio miwani," Zuleha aliijibu kwa sauti ndogo na kwa adabu, kana kwamba aliyemwuliza ni mkwewe. "Mwani. Wa baharini."

Praxeda, mwenye duka, alicheka huku amempa mgongo, yuko na mashine yake ya kopi. "Haisikii hiyo, mwanangu. Ukiisemesha mpaka jua lizame itakutazama tu. Bonyeza pale chini, iambie itafute hivyo hivyo ulivyoandika."

Zuleha akabonyeza. Zikaja picha za miwani.

Duka lilikuwa Ngamiani, mjini Tanga, chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, na barazani baiskeli zimeegeshwa moja juu ya nyingine. Ndani mlikuwa na mashine ya kopi, kompyuta mbili ambazo moja ilikuwa mbovu, na feni iliyozunguka pale umeme ulipojisikia. Praxeda alikuwa mama wa makamo, mtu wa kanisani. Baba yake alikuja Tanga kukata mkonge na kwao hakurudi tena. Mtaa mzima, wa msikitini na wa kanisani, ulimletea karatasi zake akazitengeneza, na kila aliyeingia alimpa shikamoo kabla hajasema shida yake.

Zuleha alitoka Moa jana yake, kijiji cha pwani kule karibu na mpaka wa Kenya. Alilala Mabawa kwa shangazi yake, na asubuhi akaja kwa miguu. Kompyuta hakuwahi kuigusa. Darasa la saba alimaliza, kusoma anajua na kuandika anajua, lakini Kiingereza alichobakiwa nacho kilikuwa kile cha kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda nje.

Alilokuja kulitafuta lilikuwa moja tu. Alitaka kujua kama mama yake ndiye aliyeua mwani wa Moa.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Wanawake wa kikundi chao hulima mwani kwenye maji mafupi. Huchomeka vigingi mchangani, wakavuta kamba baina yake, wakaifungia miche ya mwani kwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai, na bahari ikafanya iliyobaki. Halafu, misimu kadhaa nyuma, mwani ukaanza kuota mvi. Ndivyo walivyouita ugonjwa huo kule Moa. Ncha zinageuka nyeupe, tawi linalegea kama mtu wa homa, ukija tena limekatika, na kamba inaelea uchi. Mbegu ilipowaishia, Asmahani, mama yake Zuleha, alikwenda kijiji kingine huko kusini akarudi na magunia ya mbegu mbichi, yanachuruzika maji njia nzima. Wakapanda wote. Msimu ule ndipo mvi zilipokuja kwa vishindo, zikamaliza hata vitalu vilivyokuwa vimesalimika.

Tangu hapo ikawa "mbegu ya Asmahani." Mwanzo ilikuwa mzaha. Mtu akiona kamba tupu husema, hiyo mbegu ya Asmahani hiyo, usiisogelee na wewe utaota mvi. Kisha mzaha ukachacha. Akifika kisimani, mazungumzo yanakatika. Akikaa kwenye mkeka wa harusi, wa pembeni yake anakumbuka kazi jikoni. Na mwaka huu Bi Shadya, mwenyekiti wao, alitamka waziwazi: kabla ya bamvua lijalo, maji yakupwapo mbali na watu kurudi kupanda, kikundi kitakaa, Asmahani atolewe, kitalu chake wagawiwe wengine. Na Moa mtu aliyetolewa kikundini hana pa kuchomeka kigingi. Ufuo wote una wenyewe.

Asmahani hakujitetea. Siku zote hakujitetea, na hilo ndilo lililomchosha Zuleha kuliko maneno ya watu. Alisubiri mpaka wamemaliza kula, akasema, "Yule Mzungu aliyekaa nasi msimu ule wa mbegu alichukua maji, akachukua na mwani. Akasema majibu yatawekwa mtandaoni, kila mtu ayaone. Nenda kayatafute. Na uyalete kama yalivyo."

"Nikayatafute wapi, mama?"

"Huko yalikowekwa."

Basi ndiyo hiyo safari.

"Huyo Mzungu wenu jina lake nani?" Praxeda alivuta kigoda, akaketi karibu.

Zuleha aliona haya kidogo. "Mama Vichupa."

"Mama nani?"

"Alikuwa na vichupa, mama. Vingi. Kila asubuhi anajaza maji ya bahari, anaandika, anaviweka kwenye boksi la barafu. Watoto wakamwita Mama Vichupa, na wakubwa nao wakafuata. Jina lake la kwao alilitaja siku ya kwanza, lakini hakuna aliyelishika."

"Msimu mzima mmekaa naye?"

"Msimu mzima. Alikula kwetu. Bi Shadya alimfundisha kusonga ugali."

"Na jina hamkumwuliza."

"Tungemwulizaje tena, mama, na tulishampa letu?"

Praxeda aliona hoja ile ina uzito wake. Akaandika mwenyewe, Mama Vichupa, na kompyuta ikaleta matangazo ya maziwa ya watoto.

"Nchi gani ametoka?"

"Ulaya."

"Ulaya ni kubwa, mwanangu."

"Bi Shadya anasema Udachi. Mama anasema Uholanzi. Mwanaidi, jirani yetu, yeye anaapa kabisa kwamba ni Uswisi."

"Uswisi au Uswidi?"

"Kwani ni mbili?"

Praxeda alifikiri. "Ni mbili," alisema, japo si kwa sauti ya mtu aliyewahi kufika. "Basi tujaribu kijiji."

Wakaandika Moa. Akaja ndege. Ndege mkubwa kupita mbuni, shingo ndefu, hana mabawa, aliyekwisha kufa duniani siku nyingi. Waliendelea kumtazama yule ndege kwa muda, maana hata kama si aliyetafutwa alikuwa ametoka mbali. Moa, kumbe, mbele ya dunia ni ndege, tena marehemu. Zuleha alijisikia uchovu ambao haukuwa wa miguu.

Mchana wakaingia upande wa biashara. Praxeda alikumbuka kwamba huko Ulaya makampuni yote yameorodheshwa mtandaoni, anayeuza na anayenunua, na huenda aliyemtuma Mama Vichupa alikuwa mnunuzi. Akafungua ukurasa mmoja wa orodha hizo. Ukurasa ukataka barua pepe. Zuleha hakuwa nayo, akafunguliwa. Ukataka neno la siri, lenye herufi kubwa, na tarakimu, na alama. Kisha ukataka athibitishe kwamba yeye si roboti, achague picha zote zenye bomba la zimamoto.

"Ndiyo likoje hilo?" aliuliza Zuleha.

"Mie mwenyewe huwa nabahatisha," alisema Praxeda.

Wakabahatisha. Ukurasa ukaona ni roboti. Wakabahatisha tena, ukawakubali, ukauliza: wewe ni kampuni, shirika, chuo, au mwekezaji? Mkulima hakuwamo. Praxeda akabonyeza shirika, na hapo ndipo dunia ya mwani ilipofunguka. Yalikuwapo makampuni mengi mno, majina yamepangana kurasa kwa kurasa: wanaosaga mwani kuwa unga, wanaoutia kwenye dawa ya meno, kwenye aiskrimu, kwenye mafuta ya kujipaka usoni, kwenye chakula cha mbwa. Kila kampuni na anwani yake, simu yake, idadi ya wafanyakazi wake. Zuleha alitazama picha ya mwanamke aliyevaa koti jeupe, ameinua kijiti cha mwani kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Mwani ulikuwa mzima, rangi yake nzuri, ncha zake kali. Haukuwa na mvi hata moja.

"Hawa wote wanaujua mwani," alisema.

"Wanaujua."

"Na hakuna anayetujua sisi."

Umeme ukakatika, feni ikazunguka polepole ikasimama, na joto la Ngamiani likaingia kwa mlango kama mgeni asiyebisha hodi. Walikaa kusubiri. Alasiri ikaadhiniwa, umeme haujarudi. Watu walikuja na vitambulisho vya kutoa kopi wakaondoka navyo. Jua lilipoegemea upande wa stesheni Praxeda akafunga dirisha, akasema, "Kesho, mwanangu. Mungu akipenda. Nenda kapumzike."

Kesho yake Zuleha alifika duka halijafunguliwa. Alikaa barazani akiwatazama wauza chapati na wapanda baiskeli, na akili yake inarudi kwa mama yake. Alikuwa na tabia hiyo tangu udogoni, ya kutazama mpaka kitu kijiseme chenyewe. Aliwahi kumtazama mama yake usiku ule aliporudi na magunia. Alikuwa ameloa mpaka kifuani, meno yanagongana, na wanawake wote wamejaa uani wanamshangilia, Bi Shadya akiwa mbele ya wote na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Zuleha aliikumbuka ile chai. Lakini hakumsikia mtu mwingine yeyote akiikumbuka.

Praxeda alifika na funguo, akaitikia shikamoo, akawasha mashine.

"Jana usiku nimefikiri," alisema. "Hii kompyuta haijui unachokitafuta. Inajua maneno tu. Sisi tunaandika maneno yetu, na yule mama aliandika yake, hatukutani njiani. Sasa kaa ufikiri: liko neno gani mlilolisema ninyi, naye akalipenda, akalichukua?"

Zuleha hakukawia. Lilikuwa pale pale alipokuwa amekaa asubuhi yote. "Mvi," alisema.

"Mvi za kichwani?"

"Za mwani. Tulipomwambia mwani umeota mvi alicheka mpaka akakaa mchangani. Akajishika nywele zake, maana na yeye alikuwa nazo, akauliza, kama hizi? Tukamwambia kama hizo. Tangu siku ile akawa analisema yeye kuliko sisi."

"Basi andika. Andika kama mnavyosema."

Zuleha aliandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi: mwani umeota mvi.

Majibu yalikuwa machache, na la kwanza ndilo lilikuwa lenyewe. Ukurasa wa buluu wenye duara la nyota, unaoweka utafiti ambao nchi za Ulaya zimeugharimia. Juu palikuwa na jina refu la Kiingereza, chini yake jina la chuo, na jina la kampuni moja ya unga wa mwani, na jina la mwanamke, Anneke fulani wa fulani, Mholanzi. Mama alikuwa sahihi. Na katikati ya Kiingereza hicho chote, maneno matatu ya Kiswahili yaliyolala mshazari kama yamechoka: *mwani umeota mvi*.

Zuleha aliyagusa kwenye kioo.

"Uko hapa tangu mwaka juzi," alisema Praxeda akisoma. "Wameandika kwamba matokeo yako wazi kwa watu wote."

"Wote kina nani?"

"Ndivyo walivyoandika."

Utafiti wenyewe ulikuwa mrefu. Kiingereza cha Praxeda kilikuwa cha barua na vyeti, hiki kilimshinda, akaamua kuupitisha kwenye tafsiri ya kompyuta. Kikatoka Kiswahili ambacho Zuleha hakuwahi kukisikia kwa mtu aliyezaliwa na mama. Mwani ulikuwa umegeuka magugu ya bahari. Wanawake wa Moa walikuwa wamegeuka wadau. Na mvi zenyewe, ugonjwa wenyewe, uliitwa barafu-barafu.

"Barafu-barafu husababishwa na mkazo wa joto," alisoma Zuleha. Akasimama. "Mama, barafu na joto wapi na wapi?"

"Rudia."

"Maji yakipata moto, mwani unashikwa na barafu."

Wakatazamana. Praxeda akarudi kwenye Kiingereza, akapambana nacho mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, na nusu ya asubuhi ikaenda hivyo. Mwisho wakaelewa kwamba barafu lilikuwa jina tu walilolitoa Wazungu kwa ule weupe, kama ninyi mlivyoupa jina la mvi, alisema Praxeda, kila mtu anaita kwa anachokijua kwao. Na maneno ya utafiti, yakivuliwa yale makoti, yalikuwa haya: wakati wa kaskazi maji mafupi yanapata moto kupita kiasi. Mwani unadhoofika. Ukidhoofika, vijidudu vinaupata. Ghuba zote walizozipima, za kaskazini na za kusini, zilikuwa na ugonjwa huo huo.

Zuleha alihisi kifua chake kimefunguka. Jua, basi. Lilikuwa jua. Nani atamtoa jua kikundini?

"Subiri," alisema Praxeda. "Kuna mengine chini."

Chini palisema hivi: mbegu inayohamishwa kutoka kijiji kimoja kwenda kingine inaweza kubeba vijidudu, na inaelekea kwamba uhamishaji wa namna hiyo uliongeza kasi ya ugonjwa. Palikuwa na ramani ndogo. Mshale ulitoka kusini ukaja kaskazini, na ncha yake ilichoma palipo Moa.

Zuleha aliutazama ule mshale mpaka ukaanza kucheza machoni. Alimwona mama yake juu yake, na magunia.

Praxeda alikuwa amewaona wengi pale dukani wakisoma karatasi walizozisubiri, na alijua kunyamaza. Baadaye akasema, taratibu, "Mwanangu. Mie nachapa ninachoambiwa. Ukitaka ukurasa wa joto peke yake, nakuchapia wa joto. Huko Moa nani atauliza wa pili?"

Haikuwa dhambi kubwa. Hata uongo haikuwa. Ukurasa wa joto ulikuwa kweli tupu, na ungetosha. Zuleha aliupima ule urahisi, akajua ungemfaa sana, maana alikuwa amechoka: na ulinzi wa kila siku, na kuhesabu nani ameitikia salamu ya mama na nani amegeuza uso, na kuchekeana na watu wanaomla mama yake nyama. Kisha akakumbuka sauti ile baada ya chakula. Kama yalivyo. Mama alisema vile akijua kwamba majibu yanaweza kuwa yoyote.

"Chapa yote," alisema. "Hata na mshale."

"Yote ni mengi."

"Basi yanayotusema sisi. Yote yanayotusema sisi."

Praxeda akaanza kupekua. Na ndipo, karibu na mwisho, alipokutana tena na Kiswahili kilicholala mshazari, si maneno matatu sasa, ni fungu zima. Akalisoma kwa sauti, akacheka, akamwona Zuleha hacheki, akaacha.

Kikao kilikuwa Moa, barazani kwa Bi Shadya, baada ya sala ya alasiri. Wanawake walijaa mkeka, na waliokosa mkeka walikaa kwenye ngazi na kanga zao vichwani. Asmahani aliketi ukingoni, mgongo kwenye nguzo. Kati yake na mwenzake wa karibu pangetosha kulala mtoto.

"Umetuletea nini kutoka mjini?" aliuliza Bi Shadya. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu kutoka mbali, na hata akisema kwa upole ulimsikia mpaka uani. "Maana mtu akienda mjini hurudi na halua."

"Nimeleta alichoandika Mama Vichupa, Bi."

Minong'ono ikapita. Mama Vichupa! Yu hai? Ameolewa? Zuleha akangoja itulie, akasoma. Hakusoma Kiswahili cha kompyuta, alisoma alichokiandika yeye na Praxeda kwa kalamu pembeni mwa karatasi. Alianza na jua. Aliposema ghuba zote zimeugua, wanawake wawili walitikisa vichwa, na mmoja akanong'ona ya kwamba hata Kwale wanalia, amesikia. Mwanaidi, yule wa Uswisi, alisema, "Sasa jua tutalitoa vipi kikundini?" wakacheka wachache, na Zuleha alishtuka kidogo kusikia mawazo yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Kisha akasoma mshale.

Hakulainisha. Alisema mbegu inayohamishwa inaweza kubeba, na kwamba inaelekea iliongeza. Kicheko kikafa. Macho yote yakaenda kwenye nguzo.

"Hayo ndiyo niliyoyasema mie," alisema Bi Shadya, na ajabu ni kwamba hakuonekana kufurahi. "Hubeba."

"Inaweza kubeba, Bi."

"Hubeba na inaweza kubeba si mamoja?"

"Sijui, Bi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Asmahani akasema kutoka kwenye nguzo, ndiyo mara yake ya kwanza kusema kikaoni tangu mwaka uanze: "Basi ni mimi na jua."

Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayetaja waliofika shughulini. Hakuna aliyejua acheke au asicheke.

"Imebaki kidogo," alisema Zuleha. "Mama Vichupa ameandika maneno aliyoyasikia hapa. Ameyaacha kwa Kiswahili. Jina la msemaji hakulitia, ameandika tu, mkulima mmoja wa Moa." Akasoma:

"*Huu mwani wetu umeota mvi kabla hata haujaposwa. Kamba zote tupu, mbegu hatuna hata ya kuombea. Tumemtuma mwenzetu akatutafutie kwingine, hataki, tumembembeleza. Mungu amrejeshe salama.*"

Nyuma ya nyumba kuku alikuwa akiparura.

"Soma tena," alisema Bi Shadya.

Zuleha akasoma tena.

"Kabla haujaposwa," Mwanaidi alirudia polepole, kama anayeonja chumvi. "Wallahi Bi Shadya, Moa nzima hii, nani anayeuposa mwani isipokuwa wewe?"

"Wako wengi wanaosema hivyo."

"Mtaje mmoja."

Bi Shadya alishika ukingo wa mkeka akaanza kuuchomoachomoa ukindu uliokuwa umechomoza. Zuleha alimtazama, akaona kwamba hakuwa anatafuta uongo wa kusema. Alikuwa anatafuta ile siku. Alikuwa anaitafuta kwa dhati, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa kwamba amepita mahali fulani na yeye hapakumbuki, kisha anaanza kuona mti, halafu uzio, halafu mlango.

"Hakutaka kwenda," alisema mwanamke mmoja wa kwenye ngazi, kwa sauti ndogo. "Kweli. Alikuwa na homa."

"Sote tulikwenda kwake," alisema mwingine.

"Mie sikwenda," alisema wa tatu, "lakini niliwaambia mkamwambie."

Hakuna aliyesema samahani. Halikuwa neno jepesi pale mkekani, na huenda kila mmoja alimwachia mwenzake alianze. Bi Shadya akainua uso.

"Asmahani," aliita. "Ulijua kwamba tulikutuma. Siku zote hizi mbona hukusema?"

Asmahani alivuta kanga begani. "Nilidhani mnajua," alisema. "Mlikuwapo."

Maneno yalikuwa hayo tu, lakini yalikaa pale katikati ya mkeka, na hakuna aliyethubutu kuyasogeza. Mtu akakohoa. Mwishowe Bi Shadya akageuka kwa Zuleha, akauliza kama Mama Vichupa alisema na la kufanya, au aliishia kwenye kusema ubaya tu kama daktari wa zahanati.

"Amesema tupande maji ya kina zaidi, Bi, panapopoa. Na mbegu itoke penye mwani mzima, ikaguliwe kabla ya kusafirishwa, yenye weupe hata kidogo iachwe."

"Maji ya kina hatuyawezi wengine, hatujui kuogelea."

"Ndivyo alivyoandika. Hakuandika jinsi."

"Hawaandikagi jinsi," alisema Mwanaidi.

Bi Shadya akavuta pumzi. Alionekana amezeeka tangu kikao kianze. "Haya. Bamvua ndilo hilo linaingia. Asmahani, vigingi unavyo?"

Hilo lilikuwa jibu. Wote walilielewa, na pumzi ikashuka barazani. Mwanamke aliyekuwa karibu na nguzo alijisogeza kidogo, kama anayetafuta kivuli, mpaka ile nafasi ya kulala mtoto ikaisha.

"Vigingi ninavyo," alisema Asmahani. "Kitalu changu nitakipanda. Lakini mbegu, safari hii afuate mwingine."

Wakaangaliana. Kila mmoja akakumbuka mgonjwa nyumbani, au mtoto mchanga, au magoti yake. Zuleha aliwatazama wakikumbuka. Alikuwa amechoka mno hata kuwachukia.

"Nitakwenda mie," alisema Bi Shadya.

Mtu akaguna.

"Mnagunia nini? Mie sina miguu? Nitakwenda mie, na yakija kuota mvi mtasema mbegu ya Shadya." Akamgeukia Asmahani, na sauti ile ya kuitia watu ikawa ndogo. "Ila njia siijui. Sijui hata mtu wa kumwuliza huko ni nani. Zuleha anisindikize, mtoto huyu ana macho."

Asmahani alimtazama binti yake, aliyekuwa ameketi na karatasi mapajani, vumbi la safari bado limo kwenye kope zake.

"Zuleha amechoka," alisema. "Mwache alale. Nitakusindikiza mie mpaka barabarani, nikuelekeze tukienda."